Mchuuzi, Mwungwana na Bepari: Majina ya Tabaka katika Tamthilia Zilizofasiriwa

Tamthilia haina msimulizi. Mwandishi wa riwaya aweza kutuambia kwamba fulani alikuwa mtu wa tabaka la juu, kisha akaendelea na mambo yake, nasi tukamsadiki. Mtunzi wa mchezo hana nafasi hiyo. Kila tunalolijua juu ya hadhi ya mhusika hutujia kwa kinywa cha mhusika mwenzake au kwa kinywa chake mwenyewe: namna anavyoitwa na anavyoitika, nani husimama anapoingia, nani huthubutu kucheka mbele yake. Kwa hiyo jukwaani hakuna jina la tabaka lisilo na mwenyewe. Kila jina limetamkwa na mtu, kwa mtu, kwa kusudi fulani. Mfasiri asiyejiuliza neno alishikalo ni la kinywa cha nani huenda akafasiri maneno yote sawasawa na bado akaupoteza mchezo.

Tunalisema hili kwa sababu ya mazoea tunayoyaona katika madarasa yetu. Mwanafunzi akiulizwa juu ya tamthilia huandika kwamba mtunzi ameonyesha utabaka, kisha hutaja wahusika wawili wa juu na wawili wa chini, na swali limekwisha. Maneno anayotumia ni mazuri: tabaka, bepari, kabaila, bwanyenye. Tuliyahitaji ili tuweze kuandika juu ya jamii kwa lugha yetu, na kazi hiyo yayafanya vema. Tabaka ni neno la udongo na la mikeka, jambo lililolala juu ya jingine, na kwa insha ya siasa picha hiyo yatosha. Lakini tabaka la udongo haliitiki likiitwa. Wahusika huitana, na hawaitani kwa istilahi.

Tuchukue vichwa viwili vya vitabu. Mwaka 1961 ulitoka ufasiri wa A. Morrison wa mchezo wa Molière uitwao kwa Kifaransa Le Bourgeois gentilhomme, nao ukapewa jina la Mchuuzi Mwungwana. Mwaka 1969 ukatoka ufasiri wa Mwalimu Julius Nyerere wa mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venisi, nao ukaitwa Mabepari wa Venisi. Kati ya vitabu hivyo imepita miaka minane tu, lakini ndani ya miaka hiyo uhuru ulipatikana na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likatangazwa. Vyote viwili vina mtu wa biashara katika jina lake, na kila kimoja kimemwita kwa neno lake. Twaona faida kukaa zaidi na kile cha kwanza, ambacho wasomaji wa leo wamekisahau.

Mchezo huo uliigizwa mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba 1670 katika kasri la Chambord, mbele ya Mfalme Louis wa 14, na Molière mwenyewe ndiye aliyekuwa Jourdain. Jourdain ni tajiri wa mjini ambaye baba yake aliuza vitambaa. Fedha anayo; anachokitaka ni kuwa mtu wa nasaba. Huajiri mwalimu wa muziki, wa dansi, wa kitara na wa falsafa. Hushona nguo zinazomchekesha mtumishi wake. Na huzuia ndoa ya binti yake kwa sababu mchumba si mtu wa ukoo. Ili tuelewe kichekesho hiki yatupasa kujua kwamba katika Ufaransa ya wakati ule tofauti kati ya mtu wa mji na mtu wa nasaba ilikuwa ya sheria, si ya majivuno pekee. Mwenye nasaba alisamehewa kodi iliyoitwa taille. Akifungua duka la rejareja aliweza kuupoteza msamaha huo pamoja na cheo chenyewe. Mwaka 1669, mwaka mmoja kabla ya mchezo, mfalme aliwaruhusu watu wa nasaba kufanya biashara ya baharini bila kuvunjiwa hadhi, lakini duka la kitambaa halikuingia katika ruhusa hiyo. Na katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwachunguza watu waliojidai kuwa na nasaba bila hati, na kuwatoza faini. Waliokuwa wakicheka pale Chambord walikuwa wakicheka jambo lililokuwa likitokea mahakamani.

Sasa tulete neno mwungwana. Katika miji ya pwani yetu mwungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa ukoo unaojulikana, mwenye adabu na dini, na kinyume chake kilikuwa mtumwa au mgeni wa bara. Kinyume chake hakikuwa mfanyabiashara. Waungwana wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja walifanya biashara bila kuona aibu yoyote, na hakuna aliyewaambia kwamba mizani imewaondolea uungwana. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani akisikia kwamba Jourdain hawezi kuwa mwungwana kwa sababu baba yake aliuza kitambaa, atauliza: kwa nini asiwe? Mgogoro ambao kwa Wafaransa ulikuwa wazi, kwetu unahitaji kujengwa.

Hata hivyo hatusemi kwamba Morrison alikosea. Neno mwungwana lina historia inayomfaa Jourdain kuliko tunavyodhani. Katika karne ya 19 wapagazi na walinzi wa misafara iliyotoka Unguja kwenda bara, wengi wao wakiwa wenye asili ya utumwa, walijiita waungwana. Mjini wasingekubaliwa kwa jina hilo. Njiani, mbele ya watu wasiowajua wazazi wao, walilivaa pamoja na kanzu. Jina hilo lilishika mizizi huko walikokwenda, hata Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Kwa hiyo mwungwana ni neno ambalo watu wetu waliwahi kulitwaa kwa safari na kwa mavazi, kama vile Jourdain anavyotaka kulitwaa kwa fedha. Neno likitamkwa na mtu anayelitamani lina nguvu yote inayotakiwa. Likitamkwa na mwenye kulizaliwa nalo, halisemi kitu.

Na mchuuzi je? Kwa kipimo cha kamusi neno hili ni dogo mno. Mchuuzi huuza samaki, vitumbua au nguo mkononi; Jourdain anaweza kumkopesha mtu maelfu. Lakini tukiuliza swali letu la kinywa, tunaona kwamba mchuuzi ndilo neno ambalo mtu wa nasaba angelitumia nyuma ya mgongo wa Jourdain, bila kujali ana fedha kiasi gani. Kichwa cha kitabu basi kina vinywa viwili: mchuuzi ni sauti ya wanaomcheka, mwungwana ni sauti yake mwenyewe. Mchezo mzima umo katika kugongana kwa sauti hizo mbili. Angeandika Tajiri Mwungwana asingekosea maana, lakini pasingekuwa na ugomvi wowote katika jina hilo, maana kwetu tajiri na mwungwana hukaa pamoja bila taabu.

Onyesho moja ladhihirisha hoja yetu kuliko mengine yote. Vijana wa fundi cherehani wanamvalisha Jourdain nguo mpya. Mmoja anamwita kwa jina la mtu wa nasaba ili apewe bakshishi. Jourdain anafurahi, anatoa fedha. Kijana anapanda daraja, anamwita kwa jina linalostahili mkuu. Fedha zaidi zinatoka. Anapanda tena. Jourdain ananong'ona kwamba akifikishwa kwenye daraja la watoto wa mfalme mfuko wote utakwisha. Kijana anashukuru na kusimama hapo, naye Jourdain anapumua. Hapa cheo kinauzwa kwa neno, kila neno kwa bei yake. Mfasiri anayeandika Bwana mara tatu ameua onyesho. Anahitaji ngazi ya majina matatu ambayo msikilizaji ataisikia ikipanda bila kuelezwa, na kila ngazi iwe na harufu ya mahali ilikotoka. Sisi tungependekeza Mwungwana wangu, kisha Bwana Mkubwa, kisha Mtukufu. La kwanza ni la mji wa pwani. La pili lilikuwa jina la mkuu wa wilaya wa kikoloni, na ukumbi utalijua mara moja. La tatu ni la masultani na marais. Mwingine aweza kutaka Mwinyi katika ngazi ya kwanza, na hatutagombana naye, ila mbali na pwani wengi wanalijua kama jina la mtu tu.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwingine. Kifaransa kina wewe mbili, moja ya karibu na moja ya heshima, na Jourdain humwambia Nicole, mtumishi wake, ile ya karibu, naye hurudishiwa ile ya heshima. Kiingereza cha Shakespeare kilikuwa na tofauti ya namna hiyo. Kiswahili hakina. Wafasiri wengine huona hapo pengo, wakaacha. Tunadhani wamelitazama mahali pasipo pake. Kiswahili huonyesha daraja kwa vitu vingine: kwa amri tupu au amri iliyotanguliwa na tafadhali, kwa we! ya kumkatiza mtu, kwa majina ya udugu, na zaidi ya yote kwa shikamoo. Salamu hii, ambayo wazee huieleza kuwa ni kushika miguu, leo hufuata umri kuliko mali. Kijana tajiri humwamkia mzee maskini, na asipofanya hivyo huonekana hana malezi.

Kwa sababu hiyo shikamoo ni chombo kikali mno mkononi mwa mfasiri wa Molière. Yupo katika mchezo Dorante, mtu wa nasaba asiye na senti, ambaye humkopa Jourdain kila anapomtembelea, na kumlipa kwa kumwambia kwamba asubuhi amemtaja katika chumba cha mfalme. Jourdain hutoa karatasi yake na kusoma deni, sarafu kwa sarafu, pamoja na madai ya fundi wa nguo na ya mtengeneza matandiko ya farasi, hata jumla inakuwa livre 15,800. Dorante anakiri hesabu ni sahihi, kisha anaomba aongezewe ili zifike 18,000 kamili, kama mtu anayemsaidia mwenziwe kusawazisha daftari. Hapo matabaka mawili yamesimama uchi: mmoja hasahau deni hata la sarafu ndogo, wa pili anaona kukopa ni heshima anayomfanyia mkopeshaji. Sasa tumfikirie Jourdain wa Kiswahili, mtu mzima mwenye binti wa kuozwa, akimkimbilia kijana huyo mlangoni na kusema shikamoo, na kijana akajibu marahaba bila kugeuka. Hakuna mtazamaji wa Tabora au wa Tanga atakayehitaji kuambiwa kwamba jambo limepinduka. Pengo la wewe mbili limezibwa na kufurika, kwa kitu ambacho Kifaransa hakina.

Nicole anatuletea swali la istilahi hasa. Yeye ni mtumishi wa nyumbani, mwenye ujira, mwenye ulimi. Akiona nguo za bwana wake anacheka hata kwa kutishiwa kofi, na anasema afadhali apigwe lakini aachwe acheke amalize. Tumwite nani? Mjakazi linapendeza masikioni na hutumika sana katika hadithi, lakini mjakazi alikuwa mtumwa mwanamke, na kicheko cha mtumwa hakina ruhusa hiyo. Boi lilikuwa jina la wanaume, wengine wakiwa na wajukuu. Yaya ni wa watoto. Mtumishi ndilo neno salama, ingawa tangu mtumishi wa serikali apate ofisi na kiti neno hilo limepanda cheo, na wasomaji wetu walio katika utumishi wa umma watatuwia radhi tukisema kwamba halimwonyeshi tena mtu mwenye ufagio. Ingetufaa kusema mtumishi wa ndani, kisha tumwache aonekane alivyo kwa namna anavyoitwa: kwa jina tupu, bila bibi wala dada.

Mke wa Jourdain ndiye mwenye maneno mazito kuliko wote, na walimu wetu humpita upesi. Hataki mkwe wa nasaba. Anaogopa mkwe huyo atamsimanga binti yake kwa wazazi wake, na wajukuu wataona haya kumwita bibi. Anawasikia majirani tayari wakinong'ona kwamba babu zote wawili wa bibi arusi huyu waliuza kitambaa. Anataka mkwe ambaye anaweza kumwambia akae mezani wale pamoja. Mfasiri aangalie hapa: kwa baadhi ya makabila yetu mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja kamwe, tena kwa heshima, na kile ambacho kwa mama huyu ni usawa kitasikika kuwa ukosefu wa adabu. Pengine inatosha kusema anataka mkwe atakayekuja kumjulia hali bila kutuma mtu.

Kuhusu Mabepari wa Venisi tutakuwa wafupi, maana mengi yamekwisha kuandikwa. Bepari ni neno lenye asili ya Kihindi, na kamusi za kabla ya Vita Kuu ya Pili hulieleza kuwa mfanyabiashara tu. Kwa maana hiyo ya kale jina la kitabu ni ufasiri wa kawaida. Lakini kufikia mwaka 1969 hakuna aliyelisikia hivyo. Bepari alikuwa mnyonyaji, neno la mkutano wa hadhara. Tena kichwa cha Shakespeare kina mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Wingi wa Kiswahili unamweka Antonio na Shylock katika fungu moja, yule mkopeshaji asiyetoza riba na yule anayetoza. Hilo si neno la mhusika yeyote ndani ya mchezo, maana Antonio angeshtuka kulisikia. Ni neno la mtazamaji wa mwaka 1969, limebandikwa mlangoni kabla hajaingia. Kama jina la kitabu tunalikubali, hata tunalistahi. Ila mwalimu anayelichukua kutoka kwenye jalada na kulitia katika midomo ya wahusika anawafanya waseme hotuba.

Katika mchezo huohuo limo onyesho dogo ambalo kwetu lina uzito kuliko kesi yenyewe. Launcelot, mtumishi, anakutana na baba yake kipofu asiyemtambua, naye kwa mzaha anataka mzee amtaje mwanawe kwa jina la kibwana. Mzee anakataa katakata: mwanawe si bwana, ni mtoto wa maskini. Mfasiri ana mtego hapa. Bwana wa leo ni kila mtu. Ni mume, ni mwenzi, ni hata kiitikio katika mazungumzo. Na akisema bwana mdogo, neno ambalo zamani lilimtaja ofisa msaidizi wa kikoloni, leo ndivyo tunavyomwita kijana tunayemtuma dukani. Mzee hatakuwa na sababu ya kukataa.

Hali ni nyingine pale Shylock anapowaambia wakuu wa Venisi kwamba wao wana watumwa waliowanunua, na kuwauliza mbona hawawaachi huru wawaozeshe warithi wao. Hapo neno mtumwa halihitaji msaada wa mtu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Ufasiri ulipotoka mwaka 1969 walikuwapo wazee waliozaliwa kabla ya siku hizo.

Atauliza mtu, je, watunzi wetu wenyewe hufanyaje? Ebrahim Hussein katika Mashetani, mwaka 1971, aliweka vijana wawili wa chuo kikuu, Kitaru na Juma, mmoja wa familia iliyoinuliwa na nyakati mpya, mwingine wa familia iliyoanguka. Ni marafiki, na huanza kwa mchezo wa kuigiza kati yao, mmoja shetani na mwingine binadamu. Urafiki unavunjika kwa sababu ya nyumba walizotoka. Hapahitajiki kamusi ya tabaka ili tuwaelewe. Nani anakubali kuwa nani katika mchezo ule wa mashetani, na nani amechoka nao, hilo latosha.

Pendekezo letu kwa watungaji wa orodha za istilahi ni dogo. Kila neno la cheo, la kazi au la tabaka linapoingizwa katika orodha, pamoja na maana yake ziandikwe habari mbili: nani hulisema, na humwambia nani. Ndugu wa miaka ya Azimio na Mheshimiwa wa leo huenda wakamhusu mtu yuleyule mmoja katika barua mbili zilizopishana miaka 30, na mfasiri wa tamthilia atakayewekwa mbele ya barua hizo anastahili kujua kilichobadilika. Wapo wanaosema kwamba mambo haya yatiwe chini ya ukurasa kama maelezo. Kwa msomaji wa kitabu sawa. Lakini maelezo ya chini ya ukurasa hayana mwigizaji wa kuyasema.